Vipeo hasi na vya sehemu: kanuni moja na masharti yake

Makosa mawili hurudi kila mwaka katika madaftari ya hisabati ya sekondari. La kwanza ni kuandika kwamba 2⁻³ ni sawa na −8, au pengine −6. La pili ni kuandika kwamba 9^(1/2) ni 4.5. (Humu kipeo cha sehemu nitakiandika ndani ya mabano baada ya alama ^, na kipeo cha namba nzima nitakiweka juu kama kawaida.) Majibu sahihi ni 1/8 na 3. Kalamu nyekundu ikishapita, mwanafunzi huyanakili majibu hayo, kisha zoezi linalofuata hukosea vilevile. Hakosei kwa uzembe. Amezoea tangu shule ya msingi kwamba 2³ maana yake ni kuzidisha 2 tatu, yaani 2 × 2 × 2. Sasa anadaiwa azidishe 2 zilizo hasi tatu kwa idadi, na 9 iliyo nusu kwa idadi. Maelezo hayo hayana maana, kwa hiyo anajitafutia maana ya karibu: alama ya hasi anaihamishia kwenye jibu, na nusu anaigeuza kuwa kugawanya kwa 2. Hoja yangu ni kwamba kosa hili tunalipanda wenyewe tunapowasilisha vipeo hasi na vya sehemu kama sheria mpya za kukariri. Si sheria mpya. Ni matokeo ya kanuni moja ambayo mwanafunzi tayari anaijua, na kurahisisha mitajo yenye vipeo hivyo huwa kazi ya akili pale tu mtu anaposhika mambo matatu: kanuni hiyo, masharti yake, na kusudi la kurahisisha.

Kanuni yenyewe huonekana kwa kuhesabu tu. 2³ × 2⁴ ni 2 tatu zikizidishwa na 2 nne, jumla 2 saba, yaani 2⁷. Msingi ukiwa ule ule, kuzidisha namba ni kujumlisha vipeo. Sasa tujiulize: tukitaka kanuni hii iendelee kufanya kazi hata kipeo kisipokuwa idadi ya kitu kinachohesabika, tunalazimika kukubali nini? 2⁰ × 2³ lazima iwe 2³, kwa hiyo 2⁰ haiwezi kuwa kitu kingine isipokuwa 1. 2⁻³ × 2³ lazima iwe 2⁰, yaani 1. Namba pekee inayozidishwa na 8 ikatoa 1 ni 1/8. Na 9^(1/2) × 9^(1/2) lazima iwe 9¹, kwa sababu nusu na nusu ni moja. Namba chanya inayojizidisha yenyewe ikatoa 9 ni 3. Kwa njia hiyo hiyo 8^(1/3) ni kipeuo cha tatu cha 8, yaani 2, na 8^(−2/3) ni 2 iliyopandishwa kipeo cha pili kisha ikapinduliwa: 1/4. Hakuna mahali tulipochagua kwa kupenda. Tuliamua jambo moja tu, kwamba kanuni isivunjike, na majibu yote yakafuata. Hapo ndipo alama ya hasi inapopata maana yake: kipeo hasi hakisemi kwamba namba ni hasi, kinasema kwamba namba imekwenda chini ya mstari wa sehemu.

Mtu anaweza kupinga kwamba huu ni mzunguko wa maneno. Kama maana ya 2⁻³ tumeitunga wenyewe ili kanuni ipone, tungeweza kutunga nyingine, na mwanafunzi aliyeandika −8 ametunga yake. Ni kweli kwamba hii ni maana iliyowekwa na watu, na historia inaonyesha kwamba haikuwekwa kwa siku moja. Katika karne ya 14 Nicole Oresme wa Ufaransa alishafanya hesabu za uwiano kwa vipeo vya sehemu. Mwaka 1484 Nicolas Chuquet, naye Mfaransa, aliandika muswada uliotumia kipeo cha sifuri na vipeo hasi, lakini muswada huo haukuchapishwa hadi 1880. Michael Stifel wa Ujerumani, katika kitabu cha 1544, alipanga vipeo vya 2 kwenye jedwali lililoshuka chini ya sifuri. René Descartes alieneza uandishi wa kipeo juu ya herufi mwaka 1637, akiishia kwenye namba nzima chanya. Mwaka 1656 John Wallis wa Uingereza alionyesha kwamba kipeuo cha pili kinastahili kipeo cha 1/2 na kwamba 1/x inastahili −1. Watu hawa waliishi nyakati tofauti, na baadhi yao hawakuwa na njia ya kusoma kazi za wengine. Hata hivyo walielekea mahali pamoja, kwa sababu jibu lingine lolote lingevunja kanuni waliyokuwa wakiitegemea. Anayesema 2⁻³ ni −8 hatuhitaji kumkemea. Tumwombe aizidishe na 2³ aone kama atapata 1. Atapata −64.

Tena maana iliyowekwa vizuri hutoa zaidi ya ilichowekewa. Isaac Newton alilitambua hili alipochukua kanuni ya kufungua mabano ya (1 + x)², (1 + x)³ na kuendelea, akaitumia kwa vipeo vya sehemu na vipeo hasi. Aliieleza katika barua ya mwaka 1676 kwa Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, ili imfikie mwanahisabati Mjerumani Leibniz. Kwa kipeo cha 1/2, kanuni hiyo hutoa 1 + x/2 − x²/8 na kuendelea bila mwisho. Kipimo cha ukweli wake ni rahisi: zidisha mfululizo huo kwa wenyewe na utarudi kwenye 1 + x, kwani x²/4 inayotokana na kuzidisha x/2 kwa x/2 inafutwa kabisa na −x²/8 inayojitokeza mara mbili. Weka 0.02 mahali pa x, na hatua tatu za mwanzo zinakupa 1.00995, ilhali kipeuo cha pili cha 1.02 ni karibu 1.0099505. Kanuni iliyozaliwa kwa kuhesabu 2 tatu na 2 nne imefika kwenye vipeuo ambavyo havihesabiki kwa vidole, na huko pia inasema kweli.

Faida ya kwanza kwa anayerahisisha ni kwamba kazi iliyokuwa na sheria nyingi inabaki na hesabu ya sehemu. Chukua kipeuo cha pili cha x kizidishwe na kipeuo cha tatu cha x. Kwa alama za vipeuo, vitu hivi viwili havionyeshi njia ya kuungana. Kwa vipeo, ni x^(1/2) × x^(1/3), na 1/2 jumlisha 1/3 ni 5/6; jibu ni x^(5/6). Au chukua mtajo unaowaogopesha wengi: (27x⁻⁶y^(3/2))^(−2/3), x na y zikiwa chanya. Kipeo cha nje kinazidishwa na kila kipeo cha ndani, kwa sababu ndani ya mabano kuna kuzidisha tu. 27 ni 3³, na 3 mara −2/3 ni −2, hivyo 27 inakuwa 3⁻², yaani 1/9. Kwa x, −6 mara −2/3 ni 4. Kwa y, 3/2 mara −2/3 ni −1. Jibu ni x⁴/(9y). Ugumu ulikuwa wa macho. Mwanafunzi anayekwama hapa mara nyingi hajakwama kwenye vipeo bali kwenye kuzidisha sehemu na alama za hasi, mambo ya madarasa ya nyuma, na mwalimu anayelijua hilo atatibu penye jeraha.

Kanuni ya vipeo inahusu kuzidisha na kugawanya, na inanyamaza kabisa mbele ya kujumlisha. Hapa ndipo wanaoonekana kuielewa wanapoteleza. Kuandika kwamba (x + y)⁻¹ ni x⁻¹ + y⁻¹ kunavutia macho, lakini x na y zikiwa 2 zote, upande wa kwanza ni 1/4 na wa pili ni 1. Mtajo (x⁻¹ + y⁻¹)⁻¹ nao haurudi kuwa x + y. Unahitaji sehemu ziwekwe kwenye asili moja kwanza: 1/x + 1/y ni (x + y)/(xy), na kuipindua kunatoa xy/(x + y). Mtajo huu una kazi mtaani. Bomba moja likijaza tangi kwa saa 3 na jingine kwa saa 6, yakifunguliwa pamoja yanajaza kwa saa (3⁻¹ + 6⁻¹)⁻¹, yaani 18/9, saa 2. Anayepata saa 9 amesema kwamba mabomba mawili ni ya polepole kuliko moja. Penye kujumlisha au kutoa, mbinu inayofaa ni kutoa nje kipeo kilicho kidogo kuliko vyote. Katika x^(3/2) − 4x^(−1/2), kipeo kidogo ni −1/2. Tukikitoa nje tunapata x^(−1/2)(x² − 4), na ghafla mtajo uliokuwa fumbo unaonyesha kwamba unakuwa sifuri x ikiwa 2. Ile −2 inayojitokeza pia inakataliwa, kwani x iliyo hasi haina kipeuo cha pili miongoni mwa namba halisi.

Thamani ya ujuzi huu inaonekana zaidi katika jambo linalomhusu kila mwananchi. Sensa ya Tanzania ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Uwiano wa hesabu hizo mbili ni karibu 1.374, yaani ongezeko la asilimia 37.4 kwa miaka kumi. Je, kwa mwaka ni asilimia ngapi? Anayegawanya kwa 10 atasema 3.74. Lakini wanaoongezeka mwaka huu nao watahesabiwa katika ongezeko la mwaka ujao; ukuaji wa kila mwaka unazidishwa, haujumlishwi. Tukianza na watu milioni 44.9 na kuongeza asilimia 3.74 kila mwaka, baada ya miaka kumi tunafika karibu milioni 64.9, tumeipita sensa kwa zaidi ya milioni tatu. Tunachotafuta ni namba ambayo ikijizidisha mara kumi inatoa 1.374, na hiyo ni 1.374^(1/10), karibu 1.032. Ukuaji ni asilimia 3.2 kwa mwaka, ndio uliotangazwa rasmi. Kosa la kudhani 9^(1/2) ni 4.5 na kosa la kudhani ukuaji ni asilimia 3.74 ni kosa moja: kugawanya thamani pale panapotakiwa kugawanywa kipeo.

Twende mbele kidogo, kwa sababu hapa kurahisisha kunafichua jambo. Kama kasi ya ukuaji ilikuwa ile ile miaka yote kumi, watu walikuwa wangapi katikati, mwaka 2017? Tukianza na idadi ya 2022 na kurudi nyuma nusu ya kipindi, tunaizidisha kwa 1.374^(−1/2): kipeo ni hasi kwa sababu tunarudi nyuma, na ni nusu kwa sababu ni nusu ya safari. Tukiita idadi ya kwanza P na ya pili Q, mtajo ni Q × (Q/P)^(−1/2). Sasa rahisisha: Q × Q^(−1/2) × P^(1/2), na 1 kutoa 1/2 ni 1/2, hivyo unabaki P^(1/2) × Q^(1/2), ambao ni kipeuo cha pili cha PQ. Mtajo wa mwanzo ulionekana kuanzia 2022 na kurudi nyuma. Uliorahisishwa unaonyesha kwamba idadi ya katikati inazitegemea sensa zote mbili kwa usawa, wala haijali umeanzia mwisho upi. Jibu ni karibu milioni 52.7, pungufu ya milioni 53.3 ambayo ungepata kwa kujumlisha sensa mbili na kugawanya kwa 2. Hakuna namba iliyobadilika katika kurahisisha huko, ila ukweli uliokuwa umejificha ndani ya mtajo sasa unasomeka.

Kanuni yenye nguvu hivi inadai masharti, na kuyaficha ni kumdanganya mwanafunzi. Kipeuo cha tatu cha −8 ni −2, kwa kuwa −2 ikizidishwa yenyewe mara tatu inatoa −8. Basi (−8)^(1/3) ni −2. Lakini 1/3 ni sawa na 2/6, na tukisoma (−8)^(2/6) kama kupandisha −8 kipeo cha pili, yaani 64, kisha kutafuta kipeuo cha sita, tunapata 2. Kipeo ni kile kile, majibu ni mawili. Kwa namba chanya balaa hili halitokei, na ndiyo maana vitabu makini huandika kwamba herufi zote ni chanya kabla ya kumtaka msomaji arahisishe. Sentensi hiyo si pambo. Bila hiyo, (x²)^(1/2) haiwi x daima. X ikiwa −5, jibu ni 5. Bila hiyo pia mlinganyo x^(2/3) = 4 humfanya mtu apandishe pande zote kipeo cha 3/2, apate 8, aridhike; na kama vipeuo vya tatu vya namba hasi vinaruhusiwa, −8 nayo ilikuwa jibu na imepotea njiani. Vilevile x × x⁻¹ ni 1 isipokuwa x ikiwa sifuri. Kurahisisha kunaweza kufuta alama iliyokuwa ikitukumbusha sharti, kwa hiyo sharti lenyewe lazima liandikwe pembeni kabla halijasahaulika.

Linabaki swali la kusudi. Mitihani mingi hudai jibu lisilo na vipeo hasi na lisilo na kipeuo kwenye asili ya sehemu, kana kwamba sura hiyo ndiyo rahisi daima. Desturi hiyo ina sababu yake. Zamani za kukokotoa kwa mkono, kugawanya 1 kwa 1.41421 kulikuwa kazi ndefu, ilhali kugawanya 1.41421 kwa 2 ni kazi ya sekunde chache: 0.70711. Hivyo kuibadili sehemu yenye kipeuo cha pili cha 2 chini ya mstari kuwa nusu ya kipeuo hicho kulikuwa kurahisisha kweli. Lakini mwanafunzi akifika kwenye kalkulasi, mambo yanageuka. Kutafuta kasi ya badiliko la 1 chini ya kipeuo cha pili cha x kunakuwa kwepesi pale anapouandika mtajo kama x^(−1/2), akashusha kipeo mbele na kukipunguza kwa 1: −(1/2)x^(−3/2). Hapa sura yenye kipeo hasi ndiyo nyepesi. Desturi ya mtihani tuifuate, maana wasahihishaji wanahitaji majibu yanayolinganishika, lakini tumwambie mwanafunzi kwamba ni makubaliano. Urahisi wa mtajo hupimwa kwa kazi inayofuata.

Pingamizi zito kuliko yote hutoka kwa walimu wenyewe: muda hautoshi. Mada hii kwa miaka mingi imefundishwa Kidato cha Pili, Tanzania na Kenya pia, na nyuma yake kuna logarithimu na mengine mengi. Si bora mwanafunzi akariri sheria sita na kuzizoeza? Mazoezi ni lazima, wala sidai kwamba kuelewa kunayaondoa. Lakini sheria sita zilizokaririwa bila shina hupotea moja moja, na aliyesahau mojawapo hana pa kuishika tena. Anayejua kwamba vipeo vinajumlishwa anaweza kuirudisha sheria yoyote kwa mstari mmoja wa hesabu, hata akiwa ndani ya chumba cha mtihani. Zaidi ya hayo, logarithimu yenyewe ni kipeo: aliyekubali kwamba 10^(1/2) ni namba halali, karibu 3.162, hatashangaa kuambiwa kwamba logarithimu ya 3.162 kwa msingi wa 10 ni 0.5. Muda unaotumika kwenye kanuni hii unalipwa na mada inayofuata.

Wengine watasema kwamba kikokotoo na kompyuta vimemaliza kazi hii. Havijaimaliza, kwa sababu navyo vinafuata makubaliano ambayo mtumiaji anapaswa kuyajua. Andika =-2^2 kwenye Excel, utapewa 4; andika -2**2 kwenye lugha ya Python, ambako ** ni alama ya kipeo, utapewa −4. Iulize Python (-8)**(1/3) na haitatoa −2 ambayo mwalimu anaitarajia; itatoa namba changamano. Hakuna kati ya programu hizo iliyoharibika. Kila moja imechagua jinsi ya kusoma msingi hasi, na chaguo hilo halionekani kwa asiyejua kwamba kulikuwa na cha kuchagua. Mashine pia itakupa milioni 52.7 bila kukueleza kwamba idadi hiyo inazitegemea sensa zote mbili kwa usawa.

Kwa hiyo marekebisho ninayoyapendekeza ni madogo kwa sura na makubwa kwa matokeo. Kila hatua ya kurahisisha iandamane na maswali matatu: ni kanuni gani inayoniruhusu, ni kwa namba zipi inakubalika, na sura hii mpya inanisaidia kufanya nini. Swali la kwanza linamzuia mwanafunzi kusambaza kipeo juu ya alama ya kujumlisha. La pili linazuia jibu la −8 kupotea. La tatu linamfanya aone kwamba mtajo ni usemi kuhusu kitu fulani, iwe tangi la maji au idadi ya watu wa nchi yake. Mitihani nayo iyatambue maswali haya kwa kutoa alama kwa sharti lililoandikwa na kwa kanuni iliyotajwa, badala ya kuzimwaga zote kwenye mstari wa mwisho. Mwanafunzi hujifunza kile anachopimwa, na tukipima sababu, atatuletea sababu.